Tairi Kubwa kwa Pikapu: Linasugua Wapi, na Saizi Ipi Inatosha Huku Malindi

Ami yangu hubeba samaki kutoka Ngomeni hadi Malindi mjini kwa Hilux yake. Mwaka jana alirudi kutoka Mombasa amevaa furaha: gari lina matairi mapya ya njia zote, 285/70R17, na rimu pana nyeusi zilizotokeza nje ya madigadi. Watoto wa mtaa walilizunguka kama gari la harusi. Jioni ile alipokuwa akikata usukani ili aingie uani kinyumenyume, ikatoka sauti kama nazi inayokunwa kwa haraka. Akasimama, akashuka, akainama, asione kitu. Aliporudisha usukani katikati sauti ikanyamaza.

Aliyemuuzia alikuwa amemhakikishia kwamba hayatasugua, na kwa namna fulani alisema kweli: pale dukani, gari limesimama sawa na magurudumu yameelekea mbele, kulikuwa na nafasi ya ngumi nzima. Lakini tairi halisugui gari likiwa limesimama. Linasugua pale mambo mawili yanapokutana kwa wakati mmoja, usukani umekatwa hadi mwisho na springi imebonyea hadi mwisho. Anayepima nafasi kwa macho gari likiwa limetulia anapima kitu kisichohusika.

Tuanze na zile namba, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi na inakuokoa maneno mengi ya dukani. Tairi la zamani la ami liliandikwa 265/65R17. Hiyo 265 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 si milimita, ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya ule upana, yaani milimita 172. R ni radiali, yaani namna nyuzi za ndani ya tairi zilivyopangwa, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, sawa na milimita 432. Ukitaka urefu wa tairi zima kutoka chini hadi juu, chukua rimu, ongeza ubavu mara mbili, kwa kuwa kuna ubavu wa juu na wa chini. Unapata 776.

Sasa fanya hivyohivyo kwa 285/70R17. Ubavu ni asilimia 70 ya 285, karibu milimita 200. Tairi zima ni 831. Tofauti ni milimita 55, na nusu yake, kama 27, ndiyo inayoinua gari kutoka ardhini. Nusu hiyohiyo ndiyo inayosogea mbele kuelekea bampa, na nyuma kuelekea mwili wa gari. Hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa: namba ya kwanza ikibadilika, ubavu nao unabadilika hata kama namba ya pili imebaki palepale. 265/70R17 ni milimita 803, na 285/70R17 ni 831, ingawa zote mbili ni "sabini".

Halafu kuna 265/70R16, ambayo inatoka 777. Urefu wake ni uleule wa tairi la zamani la ami, ila rimu ni ndogo kwa inchi moja na ubavu umenenepa kwa milimita 13. Nitairudia hii baadaye, maana kwa barabara zetu ina hekima yake.

Isuzu D-Max nyingi utazikuta na 245/70R16 au 255/65R17, kutegemea toleo, kwa hiyo zinaanzia chini kidogo: 749 na 763. Hilux za kazi, zile za bei ya chini, nazo huja na tairi dogo kuliko la ami. Kwa hiyo usianze hesabu na tairi ulilolikuta kwenye gari, hasa kama ulilinunua mkononi mwa mtu. Fungua mlango wa dereva, tazama kibandiko kwenye nguzo. Pale kiwanda kimeandika saizi yake na presha yake. Wapo wanaoongeza saizi moja juu ya gari ambalo mwenyewe wa kwanza alishaongeza mbili, halafu wanashangaa.

Pia namba zinakupa picha, hazikupi kipimo kamili. Matairi mawili yenye maandishi yaleyale, ya kampuni mbili, yanaweza kupishana kwa milimita kadhaa. Tairi la njia zote lina mabega ya mraba, pale uso unaokanyaga unapokutana na ubavu, na kashata zake, yale meno ya tairi, zinateremka hadi ubavuni ili zikwaruze matope na mawe, wakati tairi la lami lina mabega ya mviringo. Na bega ndilo linalogusa kwanza. Ndiyo maana jirani yako anaweza kuwa na saizi ileile bila tatizo na wewe ukasumbuka. Rimu nayo ina sauti yake: ukiongeza upana wa rimu kwa nusu inchi, tairi linatanuka kama milimita 5.

Sasa tuingie kwenye kiini.

Gurudumu la mbele halizunguki mahali pake unapokata kona. Linazunguka kwenye mhimili uliopo ndani yake, kule kwenye viungo vya usukani. Mfikirie mbuzi aliyefungwa kwenye mnazi. Kamba ikiwa fupi, anazunguka hapohapo kwenye shina. Ongeza kamba dhiraa moja, atakula mchicha wa jirani. Kamba ya gurudumu ni umbali kutoka kwenye ule mhimili hadi katikati ya tairi, na kinachoamua urefu wake ni rimu.

Nyuma ya rimu, kwa ndani, utaona herufi ET na namba. Hiyo ndiyo ofseti, umbali kwa milimita kati ya uso wa rimu unaofungwa kwenye gari na mstari wa katikati ya rimu. Rimu ya kiwandani ya Hilux ya ami ilikuwa inchi saba na nusu kwa upana, ET30. Zile nyeusi alizofunga zilikuwa inchi nane na nusu, ET0. Maana yake katikati ya tairi ilisogea nje milimita 30, na ukingo wa nje wa rimu ulisogea kama 43, kwa sababu rimu yenyewe imepanuka.

Tuseme usukani ukikatwa hadi mwisho gurudumu linapinda nyuzi 35. Ukikata kushoto, gurudumu la kushoto linajivuta nyuma na la kulia linasogea mbele. Kwa kamba iliyoongezwa milimita 30, msogeo wa ziada unafika kama milimita 17. Linganisha: kutoka 265/65R17 kwenda 265/70R17 kunaongeza milimita 13 tu kila upande. Rimu peke yake, kabla hujagusa saizi ya tairi, imeshakula nafasi zaidi kuliko kupanda huko kwa saizi kungekula. Hili ndilo ningetaka kila mwenye pikapu alijue kabla hajatoa hela. Tairi hulaumiwa kwa sababu ndilo linaloonekana na alama za mkwaruzo, lakini mara nyingi mwenye kosa ni rimu. Spesa, vile vipande vya chuma vinavyowekwa kati ya rimu na kitovu, zinafanya dhambi ileile. Milimita 30 za spesa ni sawa na milimita 30 za ofseti, na beringi zinabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi.

Je, hakuna faida yoyote kutoa rimu nje? Ipo moja. Tairi likiwa pana sana, ukingo wake wa ndani unakaribia mkono wa juu wa springi au chesisi, na kulitoa nje kidogo kunalipa nafasi. Kidogo. ET20 au ET25 mara nyingi inatosha kwa tairi la 265 au 275. ET0 ni mapambo, na mapambo hayo yanarusha matope hadi kwenye vioo vya milango.

Kwenye gari la ami tulitafuta mkwaruzo tukaupata sehemu mbili. Ya kwanza ni nyuma ya gurudumu la mbele, kwenye plastiki ya ndani ya madigadi na ule mpira wa kuzuia matope, pale mwili wa gari unapoanza chini ya mlango. Ya pili ni pembe ya chini ya bampa. Hizi ndizo sehemu za kawaida. Ikigusa plastiki au mpira, ni kero. Ikigusa mkunjo wa bati ulio nyuma ya plastiki, ni hatari, kwa sababu ule mkunjo ni kama kisu na ubavu wa tairi ndiyo sehemu yake laini.

Magurudumu ya nyuma yana habari fupi. Hayakati kona, na ekseli yake inapanda na kushuka tu, kwa hiyo ni nadra kusugua isipokuwa gari limezidishiwa mzigo na upande mmoja umezama kwenye shimo. Watu hudhani mzigo ndio unaoleta mkwaruzo. Mzigo wa nyuma kwa kweli unainua pua ya gari. Kinachozamisha mbele ni breki ya ghafla, tuta ambalo hukuliona, au shimo unaloliingia huku umekata usukani kumkwepa mwenye bodaboda. Vyote hivyo vinaweza kukukuta asubuhi moja kati ya Gongoni na Malindi.

Baada ya hapo kila mtu hushauri: inua gari. Weka springi ndefu, ongeza inchi mbili, mambo yameisha. Hayajaisha. Kuinua gari kunabadilisha mahali gurudumu linapokaa likiwa limetulia. Hakubadilishi mahali linapofika springi ikibonyea kabisa, kwa sababu pale mwisho kuna raba ya kuzuia, na raba hiyo haijasogea. Ukiingia shimoni kwa nguvu ya kutosha, gurudumu linafika juu kulekule lilikofika zamani, ila sasa ni kubwa zaidi. Gari lililoinuliwa linasugua mara chache, si kwamba halisugui. Anayetaka dawa kamili lazima aongeze na urefu wa raba za kuzuia, na hapo atakuwa amepunguza ule mchezo wa springi alioulipia.

Kuinua kuna manufaa mengine, sikatai. Tumbo la gari linapanda, na kwenye vumbi zito la kuelekea lango la Sala si jambo dogo. Ila ukishainua, peleka gari likapangwe upya magurudumu. Fundi anayejua kazi anaweza kulaza mhimili wa usukani kidogo ili gurudumu lisogee mbele, mbali na lile bati la chini ya mlango. Milimita chache pale zinaweza kumaliza kelele yote bila kukata chochote. Mwambie wazi mahali linaposugua kabla hajaanza, maana akisogeza mbele kupita kiasi utahama kutoka kwenye bati kwenda kwenye bampa.

Kuhusu kukata: plastiki unaweza kuipasha moto na kuisukuma ndani, mpira wa matope unaweza kuusogeza au kuufupisha. Bati ni habari nyingine. Wako mafundi wa jua kali wanaoupiga nyundo ule mkunjo ukalala vizuri, wako wanaouchonga kwa grainda. Kwa mtu wa Nairobi labda haijalishi. Sisi tunaishi kwenye hewa ya chumvi, na ami kila siku anapita kando ya mashamba ya chumvi ya Gongoni na ndoo za maji ya bahari nyuma ya gari. Bati lililochunwa rangi hapa linaanza kutu kabla mwezi haujaandama mara mbili. Ukilazimika kuligusa, safisha, paka rangi ya zinki, paka rangi ya juu, kisha ziba maungio. Usiondoke kwa fundi ukiona chuma kinang'aa.

Namna ya kupima haihitaji mashine. Nunua chaki. Pakaza mabega ya matairi ya mbele, ndani na nje, mzunguko mzima. Kisha panda na gurudumu la mbele la kulia juu ya jiwe au mbao imara, huku la nyuma la kushoto likiwa juu ya kitu cha kimo hichohicho, ili springi za pembe mbili zibonyee pamoja. Kwetu mawe ya matumbawe ya kujengea yanafaa, mradi uyalaze kwa ubapa na uhakikishe hayajapasuka. Vuta breki ya mkono, weka kabari, na asiingie mtu chini ya gari. Zungusha usukani polepole kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, mwenzako akimulika kwa tochi. Badilisha upande, rudia. Halafu rudi nyuma ukiwa umekata usukani wote, maana ukirudi nyuma gurudumu husukumwa kinyume na ukienda mbele, na ndiyo maana ami aliisikia sauti uani na hakuisikia barabarani. Mwisho endesha kilomita chache za njia mbaya. Mahali chaki ilipofutika pametaja jina lake.

Springi ikiwa imebonyea kabisa, nataka kuona nafasi ya vidole viwili. Wengi wanaridhika na kimoja. Lakini peleka gari Garsen wakati wa masika, kwenye ule udongo mweusi wa bonde la Tana. Udongo ule hauanguki. Unajisokota kwenye tairi tabaka juu ya tabaka mpaka nafasi uliyoiacha imejaa, na ukishika kijiwe ndani yake, kile kijiwe kitachana plastiki kama makasi.

Kwa hiyo saizi ipi? Hutegemea unakwenda wapi, na hapa watu hununua upana wakati wanachohitaji ni kimo. Kwenye mchanga wa njia za Mambrui kinachokupitisha si upana wa tairi, ni urefu wa sehemu inayogusa ardhi, na urefu huo unaupata kwa kutoa upepo. Shusha presha kutoka psi 35 hadi 18 au 20, tairi linalala kama wayo wa ngamia. Ubavu ukiwa mnene linalala vizuri zaidi. Jaza tena kabla ya kurudi lamini, kwa sababu tairi laini kwa mwendo wa kasi linachemka na kupasuka. Kwenye mawe makali ya njia za Marafa, kule Nyari, unahitaji ubavu imara. Kwenye matope yenye chini ngumu, tairi jembamba linakata na kufika pagumu haraka kuliko pana. Katika yote matatu hakuna mahali 285 inaishinda 265 kwa kiasi cha kulipia usumbufu wake.

Kwa Hilux yenye asili ya 265/65R17, ushauri wangu ni 265/70R17 kwenye rimu za kiwandani. Inaongeza milimita 13 chini ya gari, na kwa kawaida itapita bila kuinua wala kukata, au kwa kusogeza mpira wa matope tu. Ile 265/70R16 niliyoahidi kuirudia inamfaa mtu anayeishi kwenye mawe: haiongezi kimo chochote, kwa hiyo haileti mkwaruzo mpya, lakini inakupa ubavu mnene wa kulaza. Hakikisha kwanza rimu ya 16 inapita juu ya breki za gari lako. Anayetaka 275/70R17, milimita 817, ajiandae kupanga magurudumu na kupasha plastiki. 285 ni mradi, si tairi. Ukiutaka, uutake wote: springi, raba, bati na rangi.

Usisahau uzito. Baada ya saizi kuna namba kama 112S au 121S. 112 ina maana tairi moja linabeba kilo 1,120, na 121 ni kilo 1,450. Herufi ni mwendo wa juu, S ikiwa kilomita 180 kwa saa. Matairi yaliyoandikwa LT mwanzoni ni ya kazi nzito, yana ngozi nene, ila yanahitaji upepo mwingi zaidi kubeba mzigo uleule. Ami aliyajaza kama yale ya zamani, na mabega yalianza kulika mapema. Tazama pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni, ndiyo tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri na umri wa miaka minane limeshakauka kwa ndani.

Tairi refu linadanganya na saa ya mwendo. Kwa 285, mshale ukionyesha 80 wewe unakwenda karibu 86, na kilomita 100 za kweli zinahesabiwa kama 93. Ami alilalamika kwamba gari linakunywa mafuta. Lilikuwa linakunywa zaidi kweli, lakini sehemu ya ule ulaji ilikuwa kilomita ambazo saa haikuzihesabu. Kwa 265/70R17 tofauti ni asilimia 3 na kitu, na kwa kuwa saa nyingi za kiwandani huonyesha kidogo zaidi ya mwendo halisi, mara nyingi unaishia karibu zaidi na ukweli kuliko ulivyoanza. Na spea lazima iwe saizi moja na mengine. Pima kama inaingia chini ya bodi bila kugusa ekzosi, kwa sababu spea ya 776 kwenye ekseli moja na tairi la 831 inaifanyisha difu, ile gia iliyo katikati ya ekseli, kazi bila kupumzika hadi ufike nyumbani.

Ami alivumilia miezi mitatu. Rimu nyeusi aliziuza kwa kijana mmoja wa Watamu, akamweleza kila kitu nilichoandika hapa, na kijana akazichukua vilevile kwa ajili ya gari lililokwisha kuinuliwa na kukatwa. Rimu zake za kiwandani zilikuwa bado ghalani, zimefunikwa gunia. Tukafunga 265/70R17, tukapakaza chaki, tukapakia kreti za samaki, tukaenda Ngomeni na kurudi, tukakatiza mashimo ambayo kwa kawaida tungeyakwepa. Tulipofika uani akakata usukani hadi mwisho, akaingia kinyumenyume kama siku ile. Kisha akashuka na tochi, akapiga magoti kwenye mchanga. Chini ya vumbi, chaki ilikuwa bado imezunguka bega lote, ndani na nje.